Shikamoo ya Pili

Chebet, Ijumaa umepokea mkoba, na funguo za chumba cha vifaa unazo. Ofisi iliniomba niandike ukurasa mmoja wa makabidhiano: barafu inachukuliwa wapi, mkasi unakaa mfuko gani, nani ngozi yake haipatani na plasta. Ukurasa huo nimeuandika, umo kwenye faili, na ukiusoma hautakutisha hata kidogo. Ndiyo maana nimekaa chini tena kuandika huu.

Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikuwahi kupanda. Miaka kumi na tisa nilikuwa mtu wa huduma ya kwanza wa timu ya mpira ya chuo chetu, na barua ya mwisho iliniita vilevile kama ile ya kwanza. Kilichopanda daraja ni timu. Timu ilipopanda mimi niliogopa, na woga huo sijaumaliza mpaka leo. Nakuambia mapema ili usinione shujaa. Wachezaji waliniita Mama Mkoba, wakadhani sina wasiwasi kwa sababu naingia uwanjani polepole. Niliingia polepole kwa sababu nilikuwa naogopa nitakachokikuta.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya Julai huko Ingleburn, pembeni mwa Sydney, kwenye uwanja ulio nyuma ya maghala, na baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimetoka Kitale miaka miwili tu kabla yake. Siku za wiki nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na cheti changu cha huduma ya kwanza kilikuwa bado kinanukia wino. Niliposikia ni shughuli ya chuo nikavaa viatu vya kanisani. Aliyenipokea ni Maureen, mwanamke wa miaka sabini hivi, aliyeendesha gari la wagonjwa ujana wake wote, na ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa na mkoba. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia matope. Jumamosi iliyofuata nilivaa buti.

Dakika kama ya ishirini wachezaji wawili wakagongana. Mmoja alianguka akipiga mayowe, ungedhani amekatwa mguu. Nikachomoka. Maureen akanidaka kola. "Anayelia anapumua," akaniambia. "Nenda kwa yule aliyenyamaza." Yule wa pili alikuwa ameketi kando ya mlingoti wa goli, kimya kabisa, ameushika mkono wake kama ameokota mkono wa mtu mwingine. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mwenye mayowe alisimama mwenyewe akaomba maji.

Nilimfuata Maureen misimu minne. Alinifundisha kuupanga mkoba ili kiganja kipate kitu bila macho kutazama: mkasi kulia, bendeji pana katikati, glavu mfuko wa juu, na usithubutu kuweka humo simu wala biskuti zako. Alinifundisha kufunga kifundo cha mguu kwa plasta mpaka kisipinde vibaya lakini damu ipite. Na alinipa ile kadi unayoiona imening'inia kwenye zipu, ya maswali ya mtu aliyegongwa kichwa. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga bao la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda?

"Uliza kama yalivyoandikwa," alisema, "na uso wa mbao. Usimpe pole kabla hajamaliza kujibu."

Nilijisemea moyoni, Wazungu hawa bwana, mtu kaumia na wewe unamhoji kama polisi. Kadi niliipenda kwa ajili ya heshima ya Maureen, lakini moyoni niliiona ni ya watu wasiojua kusalimiana.

Maureen alipostaafu akarudi kwao Lidcombe kulima nyanya kwenye ndoo, mkoba ukawa wangu. Miaka hiyo ndiyo chuo kilianza kupata wanafunzi wetu wengi: Wakenya waliokuja kusomea uuguzi, Wakongo, na watoto wa Kirundi waliokulia kambini Tanzania na kuletwa huku na wazazi wao. Nusu ya timu ikawa inaongea Kiswahili, kila mmoja cha kwao. Nikawa nakuja na chupa ya chai ya maziwa. Nikawa mama. Wale Warundi walikuwa na adabu ya kupita kiasi. Kila Jumamosi wakinikuta, shikamoo mama, shikamoo mama, mstari mzima. Sisi kwetu Kitale shikamoo tulikuwa tunaisikia redioni, na mara ya kwanza nilichelewa kuitikia mpaka mmoja akanong'ona, "Mama, inasemwa marahaba." Baadaye niliizoea. Baadaye zaidi nikaipenda, nikawa naisubiri.

Mwenye adabu kuliko wote alikuwa Dezire, winga wa kushoto, Mrundi aliyezaliwa kambini Kasulu na kufika Campbelltown akiwa na miaka minane. Alikuwa anasomea ufundi wa umeme. Mwembamba, mwepesi, na mkimya mpaka refa mmoja aliwahi kudhani hajui Kiingereza. Alikuwa ananiamkia kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, hata kama timu nzima inamsubiri kwenye gari. Mama yake na mimi tulisali kanisa moja, ibada ya Kiswahili ya Jumapili mchana, na hapo pia alikuwa ananiamkia. Mara moja kwa siku, basi. Aliyelelewa kule Tanzania hawezi kukuamkia mara mbili kwa siku moja, kama vile wewe huwezi kuniaga mlangoni, ukageuka ukapiga hodi.

Halafu tukapanda daraja. Uliyaona mabango, bado yamo ukumbini. Siku ile mkuu wa chuo alicheza ngoma ya Wakongo akiwa na tai shingoni, na Kocha Niko, mtoto wa Kigiriki aliyezaliwa hapa hapa Sydney na asiyelia hata msibani, alilia. Tuliahidiwa nyasi mpya na jezi mpya, na kweli zilikuja. Mkoba ulibaki ule ule, na aliyeubeba alibaki mmoja.

Kabla ya msimu kuanza Niko alinichukua tukaangalie mechi ya hilo daraja la juu. Yeye alikuwa anaangalia mpira. Mimi nilikuwa nasikiliza. Chini kule tulikokuwa, wachezaji wakigongana unasikia kelele za wachezaji. Huku ulisikia mifupa kwanza. Nilikaa kwenye lile benchi la watazamaji, nikihesabu wangapi wameinuka kila baada ya kugongana. Jioni ile nikampigia Maureen simu.

"Mpira ni ule ule," alisema. "Mwendo ndio tofauti. Una kadi?"

"Ninayo."

"Unaitumia?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa naitumia kwa Waaustralia.

Msimu ulianza na mimi nikaacha kula Jumamosi asubuhi. Mechi ya kwanza beki wetu aliteguka bega, ya tatu kipa akapasuka nyusi, akashonwa nyuzi saba. Nilikuwa nalala Ijumaa nikihesabu kumi na moja, na kila nikifika kumi naanzia moja. Uongozi ulikuwa umemwambia Niko kwamba tukishuka mwaka huo huo, programu nzima itatazamwa upya, na sote tulijua mtu wa ofisini akitazama kitu upya kinapata nini. Kwa hiyo Niko naye alikuwa anaogopa, ila yeye aliogopa jedwali la ligi. Wachezaji walijua. Yeyote aliyeumia aliinuka haraka kuliko miguu yake ilivyotaka.

Ile siku tulikuwa ugenini Lidcombe. Basi la chuo lilikuwa bovu, tukakutana stesheni ya Campbelltown tupande treni, vijana wamebeba mabegi ya jezi mabegani na mimi na boksi langu la barafu. Dezire alikuja wa mwisho. Akaweka begi chini, akainama. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?" "Hajambo, amekutumia chapati." Tulikula zile chapati njia nzima, mimi nikila kwa kuogopa kumwonyesha kwamba Jumamosi sili. Kumbuka hiyo salamu ya stesheni, maana mimi niliisahau kwa muda wa dakika nane, na dakika hizo ndizo ninazokuandikia.

Kipindi cha pili tulikuwa tunaongoza bao moja. Niko alikuwa amemaliza wachezaji wake wote wa akiba. Mpira mrefu ukaja, Dezire akaruka na beki wao akaruka, kijana mkubwa mwenye shingo nene, na vichwa vikakutana. Nilisikia. Yule beki alianguka akalia. Dezire alianguka akanyamaza.

Nilikwenda kwa aliyenyamaza, hilo nililifanya sawasawa. Nilipofika alikuwa ameshaketi, macho wazi, jani la nyasi limemganda kwenye shavu. Kadi ilikuwa inaning'inia kwenye zipu, naikumbuka ikigonga gonga mkono wangu. Nikapiga magoti, nikamshika uso kwa mikono miwili kama mama yake.

"Dezire, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama." Akatabasamu. Akainamisha kichwa. "Shikamoo."

"Marahaba," nikasema.

Nikafarijika, Chebet. Hilo ndilo linaloniuma. Niliona kijana amegongwa namna ile na adabu yake bado ipo, nikajua kichwa kiko salama. Nikamwuliza kama anasikia kizunguzungu. "Mimi iko bien, mama, mzima. Niache nicheze." Refa akanitazama, nikainua kidole gumba. Niko akanipigia makofi kutoka pembeni. Dezire akakimbia kwenye nafasi yake, na mimi nikarudi kujaza chupa za maji.

Nilijaza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye boksi, juu ya barafu, kulikuwa na ile karatasi ya foili iliyofungia chapati, nimeikunja niirudishe kwa mwenyewe. Nikaitazama. Nikakumbuka stesheni. Alikuwa ameshaniamkia.

Sijui kama umewahi kuogopa mpaka ukasikia ubaridi kwenye ulimi. Niliinua macho kumtafuta, na wakati huo huo wakapiga kona, na Dezire akaruka na wenzake akautoa ule mpira kwa kichwa. Kwa kichwa kile kile. Vijana wakamshangilia.

"Mtoe," nikamwambia Niko.

"Si umesema mwenyewe yuko sawa?"

"Nimekosea. Mtoe."

"Sina wa kumwingiza. Zimebaki dakika kumi, Mama. Kumi tu."

Niliingia uwanjani mpira ukiwa unachezwa, na safari hiyo nilikimbia, mwanamke wa miaka sitini na moja, mkoba begani na boksi la barafu mkononi kwa sababu nilisahau kuliweka chini. Refa akapuliza kipenga akinijia na kadi mkononi. Sikumwangalia. Nilimshika Dezire kiwiko, nikaivuta kadi yangu kutoka kwenye zipu, nikaisoma kama ilivyoandikwa.

"Tuko uwanja gani?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mzee aliyepotea.

"Kasulu, mama," akasema.

Kisha akapiga magoti taratibu, akatapika juu ya buti zangu.

Gari la wagonjwa lilifika upesi, mimi nikaondoka nalo. Njiani alilala usingizi, nami nikamwita jina mfululizo, na kila asipojibu nikaliita kwa nguvu zaidi mpaka yule mhudumu akaniwekea mkono begani. Walisema damu ilikuwa inavuja polepole ndani ya fuvu. Wakampeleka kupasuliwa mchana ule ule. Daktari aliniambia kwamba katika jambo kama hili dakika zina maana sana, na sikuthubutu kumwuliza zipi, zile nilizowahi au zile nilizomwacha.

Mama yake alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee na saa yake imening'inia kifuani. Alinikuta kwenye korido.

"Habari ya hapa, dada?"

"Nzuri," nikasema.

Nilisema nzuri! Mtoto wake yuko mezani kichwa kimefunguliwa, na mdomo wangu ukasema nzuri, kwa sababu hivyo ndivyo mdomo ulivyofundishwa. Nikajaribu kuongeza "ila", nikashindwa kuendelea, nikamshika mikono. Tulikaa kwenye viti vya plastiki. Nilimweleza yote, kwamba nilimwuliza hujambo, kwamba akasema sijambo, kwamba aliniamkia mara ya pili na mimi nikaitikia na kumrudisha uwanjani. Alisikiliza bila kulia.

"Ungeuliza mimi ningekuambia," alisema mwisho. "Kule kambini malaria ilimushika, anatetemeka kitanda inalia, lakini mutu mukubwa akiingia, mutoto anasema sijambo. Nilimufundisha mimi mwenyewe." Ndipo akalia.

Dezire aliishi. Timu nayo ilibaki daraja la juu, kwa pointi moja, na kama unataka kujua mengine ya msimu ule yapo kwenye mabango.

Niliandika ripoti. Niliandika kwamba sikutumia kadi. Kamati ilikaa, watu wema kabisa, wakaniambia mchezaji alionekana mzima kwa kila mtu na kwamba nilimtoa mapema kuliko ambavyo wengi wangemtoa. Nilijaribu kuwaeleza maana ya mtu kuamkia mara mbili. Waliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na katibu akaniuliza aandike wapi, maana fomu haikuwa na sehemu yake.

Tangu hapo kila nilipoingia kwenye nyasi sikuongea Kiswahili. Hili ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo, Chebet, na nakuomba ulishike kwa sababu wewe ni wa kwetu na utashawishika kama mimi. Ukimwuliza kijana wetu hujambo, umempa jibu. Ukimwuliza habari, ni nzuri. Hana ruhusa ya kusema vingine mbele ya mtu wa umri wa mama yake, hata damu ikimtoka masikioni. Mwulize kitu anachopaswa kukijua. Mwulize kwa lugha isiyomdai heshima, na uso wa mbao, na huruma yako iache pembeni kwenye boksi la barafu, haitaharibika. Mwanzoni vijana walinuna. Kipa wetu Mkenya alisema, "Mama Mkoba siku hizi ni karao kabisa," yaani polisi. Nikampa chai kipenga cha mwisho kilipolia, kwa Kiswahili.

Woga haukuisha. Uliongezeka. Miaka yote iliyobaki kila mchezaji akiniamkia stesheni au kwenye geti, niliandika jina lake mkononi kwa kalamu, na ukiniona kwenye picha za timu nimekunja ngumi, nilikuwa naficha orodha. Usiuache woga huo ukadhani ni udhaifu. Mimi siku niliyofarijika ndiyo siku niliyokosea.

Dezire hakucheza tena. Umeme wenyewe alimaliza kwa kuchelewa, na sasa anafanya kazi nusu siku kwenye ghala moja huko Ingleburn, mahali palipo na orodha ukutani ya kila kitu. Siku nyingi ni mzima kabisa. Siku nyingine, Jumapili kanisani, ananiamkia mlangoni, na baada ya ibada ananijia kwenye chai, anainama kwa mikono miwili na kuniamkia upya, uso umejaa furaha ya kuniona. Mara moja alifanya hivyo mara tatu. Mama yake huwa anageukia dirishani. Mimi huitikia marahaba kila mara, kwa sauti ile ile, halafu hutafuta kiti.

Jumapili hii, baada ya kukukabidhi mkoba, aliniamkia mlangoni. Niliitikia. Ibada nzima sikusikia mahubiri. Nilikuwa nangoja chai kama nilivyokuwa nangoja Jumamosi. Alikuja akiwa na kikombe mkononi, akakiweka juu ya meza, akaanza kuinama, na mimi nikashika meza. Akaishia katikati ya kuinama.

"Mama," akasema, "leo nimeshakuamkia? Mimi sikumbuki."

Katika miaka yote niliyomjua, ilikuwa mara ya kwanza kuniambia kwamba si mzima.

"Umeniamkia, mwanangu," nikamwambia. "Mlangoni. Nikaitikia."

"Sawa," akasema. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu tukanywa chai.